Usiishie kwenye nyani watatu

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii naomba usome kwanza Isaya 33:15 halafu Mithali 21:13, zisome zote mbili ndo uendelee hapa chini.

Wale nyani watatu tunaotumiana kwenye wasap, mmoja kajiziba macho, mmoja masikio, mmoja mdomo, mchongo wao maarufu kuliko yote uko Nikko, Japani, mji wa milimani kaskazini mwa Tokyo, kama masaa mawili kwa treni. Nilienda huko na kikundi, tukiongozwa na mama mmoja wa Kijapani anayetembeza wageni, asubuhi mahekalu, mchana ziwa na maporomoko. Najua kuna mtu ataniuliza, mpendwa, ulifuata nini kwenye miungu ya watu? Paulo alipokuwa Athene alipita huko na huko akaziangalia ibada zao, ndo akajua pa kuanzia kuongea nao (Matendo 17:23). Niliingia kutazama, sikusujudu, na walipovua viatu wenyeji na mimi nikavua, kuheshimu nyumba ya mtu sio kuabudu.

Toshogu, hekalu la hapo Nikko lenye wale nyani, ndo mahali alipotukuzwa Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyefariki 1616, na majengo yaliyopo sasa mengi yalijengwa na mjukuu wake Iemitsu kati ya 1634 na 1636. Dhahabu, rangi, michongo mpaka macho yanachoka. Ila moyo wangu ulikuwa mzito maana Ieyasu ndiye aliyepiga marufuku Ukristo nchi nzima 1614 na huyo mjukuu akazidi kuwa mkali, waumini wakateswa, wakauawa, waliobaki wakasali kwa kujificha zaidi ya miaka 200 mpaka wazao wao walipojitokeza kwa padri mmoja mjini Nagasaki mwaka 1865. Ni ndugu zetu hao jamani, sikuweza kupita pale kama sijui.

Sasa nyani wenyewe. Wamechongwa kwenye banda la farasi watakatifu, jengo la mbao tupu lisilopakwa rangi kama mengine, maana zamani waliamini nyani anamkinga farasi na magonjwa. Watu wamejaa, simu juu, wanapiga wale watatu na kuondoka. Yule mama akatuzuia, akasema subirini, vibao viko vinane na vinasimulia maisha ya mtu. Cha kwanza mama nyani anamtazama mwanae akiwaza kesho yake. Cha pili ndo wale watatu, yaani bado watoto, wasione baya wala kulisikia wala kulisema. Halafu nyani anakua, anakaa peke yake, anatazama juu ana matumaini kibao. Na mbele kidogo yuko mmoja amevunjika moyo, kainama anatazama chini kama mtu aliyefika ukingoni, na mwenzake kamwekea mkono mgongoni.

Hapo nikaganda. Mikono iliyokuwa imeziba masikio utotoni, ukubwani iko mgongoni kwa mwenzake!

Isaya anamsifu mtu azibaye masikio yake asisikie habari za damu, afumbaye macho asitazame uovu. Mithali inasema azibaye masikio asisikie kilio cha maskini, yeye naye atalia lakini hatasikiwa. Kitendo ni kimoja, huyu anabarikiwa na yule anaachwa alie, na tofauti yote iko kwenye kile unachokataa kusikia. Mipango ya dhuluma na umbea, ziba. Kilio, zibua. Na kwa kweli wapendwa sisi tumegeuza, umbea wa jirani masikio yako wazi mpaka saa sita usiku, ila dada akisema mume wangu ananipiga, na mume mwenyewe ana cheo kanisani, tunamwambia tuombe tu mama, usiongee sana, funika kombe mwanaharamu apite. Hiyo sio Isaya 33. Hiyo ni Mithali 21 na mwisho wake umeshausoma.

Mchana tukapanda na basi, kona juu ya kona, mpaka ziwa Chuzenji ambalo lilitokea volkano ya mlima Nantai ilipomwaga lava ikaziba mto, na maji yanayotoka ziwani yanaanguka mita 97 pale Kegon. Ule mvumo unausikia kabla hujayaona maji. Zaburi 42:7 ikanijia yenyewe, kilindi chapigia kilindi kelele kwa sauti ya maboromoko ya maji yako. Huwa tunaukariri ule mstari kwa uzuri wake tu, kumbe anayeongea ni mtu aliyeinama, mstari wa 5 anajiuliza nafsi yangu kwa nini kuinama. Na mwaka 1903 mwanafunzi wa miaka 16 tu alifika Kegon akakatisha maisha yake pale, nchi nzima ikatikisika. Mtoto wa watu. Nimemfikiria mpaka leo, nikawafikiria na vijana wetu wanaokaa benchi la nyuma na kutabasamu.

Marafiki wa Ayubu tunawasema vibaya kwa maneno yao ya baadaye lakini walianza vizuri sana, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno kwa sababu waliona mashaka yake ni makubwa mno (Ayubu 2:13). Kunyamaza kwa namna hiyo ni huduma, wengi wetu hatuiwezi, tunakimbilia kuhubiri.

Kwa hiyo wiki hii yule wa kwaya aliyeacha kuja mazoezini usimtumie mstari, mpigie, au nenda kwao, na akianza kuongea mwache mpaka amalize. Na kama unasoma hapa na wewe ndo uliyeinama, tafadhali mwambie mtu leo leo, mchungaji, rafiki, daktari, nesi wa zahanati ya karibu, au niandikie mimi, hata iwe usiku wa manane nitajibu.