Siku moja maishani mwangu: karani wa meli zinazongoja

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka msikitini na kupita Mkunguni, mbele ya ngome, na hapo nakutana na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu nianze ukarani kwa wakala wa meli hapa Lamu. Leo mwulizaji ni ami yangu, muuza vifaa vya ujenzi, aliyekwisha keti barazani na kikombe chake cha kahawa chungu.

“Sabalkheri, mwanangu. Meli yenye vigae vyangu leo ni siku ya tano iko nje ya Mombasa. Hapa kwetu tuna magati matatu hayana kitu. Kwa nini isije huku?”

Namwambia nitamjibu jioni, kwa kuwa boti ya kuvukia Mokowe, upande wa bara, haimngojei mtu, naye anacheka kwamba basi vyombo vyote vya bahari vina haraka isipokuwa chake.

Ndani ya boti nafungua simu na kutazama ramani ya meli. Kila meli ya tani 300 na zaidi inayosafiri kimataifa hulazimika kuwa na mtambo wa AIS unaotangaza jina lake, mahali ilipo na kasi yake, na ndiyo maana siku hizi hata mwenye duka anaweza kukaa mtaani kwetu Langoni akahesabu meli zilizosimama mbele ya Kilindini, bandari ya Mombasa. Asichoweza kukiona kwenye ramani hiyo ni sababu. Leo nina meli tatu za kushughulikia, zote zimesimama, na hakuna hata moja iliyoharibika.

Ya kwanza ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa sababu inangoja hapa kwetu. Iliwasili saa saba usiku ikatia nanga nje ya mlango wa ghuba ya Manda, ilhali bandari ya Lamu, iliyopokea meli yake ya kwanza tarehe 20 Mei 2021, ina magati matatu yenye urefu wa mita 400 kila moja, na asubuhi hii yote ni matupu. Laiti foleni ingekuwa ndiyo sababu pekee ya meli kungoja, hii ingekwisha funga kamba zamani. Lakini nahodha wake hajawahi kuingia Lamu, tumo katikati ya Julai, upepo wa kusi umekaza, na rubani, mtu wa bandari anayeongoza meli kuingia, ameona ni heri apande kukiwa na mwanga. Rubani hupanda kwa ngazi ya kamba inayoning'inia ubavuni, na meli hulazimika kugeuzwa ili ubavu huo uikinge boti yake na mawimbi. Aliyewahi kuitazama kazi hiyo katika bahari ya kusi hatauliza tena kwa nini haikufanywa saa saba ya usiku.

Kuna na la karatasi. Meli inayotoka ng'ambo hupandisha bendera ya njano, maana yake ni kwamba nahodha anatangaza watu wake ni wazima na anaomba ruhusa ya afya. Mpaka ruhusa hiyo itoke, hakuna mtu wa nchi kavu anayekanyaga sitaha wala baharia anayeshuka. Kazi yangu kuanzia saa moja na nusu ni kuhakikisha kwamba orodha ya mabaharia, tamko la afya na orodha ya shehena vimekwisha fika kwa maofisa wa afya, uhamiaji na forodha. Leo orodha moja ilitumwa na tarehe ya mwaka uliopita, na kosa hilo la tarakimu moja limetugharimu dakika arobaini, muda ambao boti za kuvuta, tunazoziita tagi, zilikuwa zimewasha injini bure. Saa tatu meli inang'oa nanga, na saa tano kasoro imefunga gatini. Imeleta makontena ambayo yatachukuliwa hapa na meli nyingine kwenda bandari nyingine, jambo ambalo naliweka akilini kwa ajili ya ami.

Saa tano nakaa mezani kwa ajili ya meli ya pili, iliyobeba ngano na iliyoko nje ya Mombasa. Hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda, ingawa wenzangu huikimbia kwa sababu ni hesabu na mikataba mitupu. Meli ya shehena ya namna hii haina ratiba kama basi; hukodiwa kwa safari moja, na mkataba humpa mwenye shehena aliyeikodi muda maalumu wa kupakua. Tuseme shehena ni tani 45,000 na mkataba unataka tani 5,000 zipakuliwe kila siku, basi muda ni siku tisa. Zikipita, mwenye shehena anamlipa mwenye meli fidia ya kila siku, ambayo wafanyabiashara wa pwani wote wanaijua kwa jina la demareji. Na saa hiyo ya mkataba haianzi kugonga meli inapogusa gati. Huanza baada ya nahodha kutoa notisi kwamba amefika na yuko tayari, pamoja na saa chache za nyongeza zilizokubaliwa.

Je, “amefika” maana yake nini, ikiwa bado yuko nje na nanga iko chini? Swali hilo liliwapeleka watu hadi kwenye mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Meli iitwayo Johanna Oldendorff, iliyobeba nafaka kuelekea Liverpool na Birkenhead, iliambiwa ikangoje kwenye Mersey Bar, maili 17 kutoka gatini, na mwaka 1973 majaji waliamua kwamba ilikuwa imekwisha fika, maadamu ilikuwa ndani ya mipaka ya bandari, mahali ambapo meli hungoja kwa kawaida, na tayari kwa amri ya aliyeikodi. Kwa mkataba wa aina hiyo, basi, meli iliyotia nanga inafanya kazi: inahesabu. Nahodha ana kila sababu ya kukimbia baharini, awahi kutoa notisi yake, kisha akae wiki nzima, hata kama alijua tangu mwanzo kwamba gati lina mtu.

Gharama ya mbio hizo ni kubwa. Injini haili mafuta kwa kulingana na kasi. Ukitoka maili 12 za bahari kwa saa hadi 14, nguvu inayotakiwa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Nimewahi kumweleza nahodha mmoja wa jahazi jambo hili, akanitazama kama mtu anayesimuliwa habari za wendawazimu: yeye hungoja maji yajae ndipo atoke, hatoki ndipo akangoje.

Meli hii ya ngano imeingia katika mtego mwingine. Siku za mvua kwa kawaida hazihesabiwi, kwa kuwa vifuniko vya ngama, chumba cha shehena, hufungwa ngano isilowe. Lakini muda ukishakwisha na demareji ikaanza, kwa kawaida mvua haimwokoi tena mwenye shehena, na kila siku ya manyunyu anailipa yeye. Jedwali langu la leo lina siku mbili za namna hiyo, na ninajua kabla sijalituma kwamba nitapigiwa simu ya hasira.

Saa nane mchana simu inakuja, na hasira iko palepale. Nasikiliza, nasoma kifungu, nasikiliza tena.

Baada ya chakula napanda meli iliyofunga asubuhi kuchukua saini. Mabaharia wanataka laini za simu, mboga mbichi na habari za mpira, kwa mpangilio huo. Mpishi ananiambia kwamba kungoja nje ndiyo kazi ngumu kuliko kusafiri: unaiona nchi, unanusa moshi wake, na huruhusiwi kushuka. Zamu za usiku haziishi eti kwa kuwa meli imesimama. Mtu hukaa darajani, chumba cha kuongozea meli, kuchungulia kama nanga inaburura, kwa sababu meli haishikiliwi na kucha za nanga peke yake bali na uzito wa mnyororo uliolala chini. Penye kina cha mita 30 huteremshwa mita 150 hadi 200 za mnyororo, na upepo ukigeuka meli nzima huizunguka nanga yake katika duara pana, kwa hiyo kila meli inahitaji uwanja wake. Mbele ya Mombasa uwanja huo ni haba, kwani kina huporomoka karibu mara tu baada ya mwamba, na baadhi ya meli huamua kuzima injini na kuelea mbali. Kaskazini huku, kuanzia ghuba ya Ungwana, ukingo wa bara ni mpana zaidi.

Saa kumi na mbili na nusu, baada ya Magharibi, ami yuko palepale barazani, na safari hii amemwita na fundi wake ashuhudie.

Namwambia kwanza kwamba meli yake, ambayo ndiyo ya tatu kati ya zangu za leo, tofauti na ile ya ngano, ina ratiba, na bandari ilikuwa imeitengea dirisha la saa kadhaa kwenye gati, pamoja na kreni zake na nafasi ya kuweka makontena. Ilichelewa siku mbili katika bandari iliyotangulia, dirisha likapita, na aliyekuja kwa wakati akaingia. Aliyepoteza zamu hupachikwa panapopatikana upenyo. Tena foleni ni kanuni tu, na kanuni hugeuzwa. Mwishoni mwa mwaka 2021 meli za makontena zilizongojea Los Angeles na Long Beach zilipita 100, na mwezi wa Novemba wahusika wakaamua kwamba zamu ihesabiwe tangu meli ilipotoka bandari iliyotangulia, si tangu ilipowasili. Meli zikaacha kukimbizana kuja kurundikana pwani. Nyingi zikapunguza mwendo au zikangoja mbali baharini, ingawa bandari haikupata gati hata moja la ziada.

“Hayo ni ya Marekani,” anasema ami. “Nimeuliza kwa nini isije Lamu.”

Nami namwuliza kontena lake ni moja kati ya mangapi. Mamia, anakiri. Na hayo mengine ni ya nani? Hati ya kila mzigo imetaja Mombasa kuwa ndipo pa kushushia, na mingi ni ya Nairobi na Uganda, na tangu mwaka 2017 kuna reli mpya inayoanzia Mombasa hadi Nairobi. Lamu haina reli. Ikija huku kumfurahisha yeye, wenye makontena mengine watahitaji malori kupita Witu na Garsen, na gharama hiyo haimo katika mkataba wa mtu. Meli ya asubuhi ilitufaa kwa kuwa mzigo wake unaondoka tena kwa bahari.

Ami ananyamaza, anakunywa kahawa. Saa mbili na nusu ujumbe unaingia: meli yake imepewa gati kesho, rubani saa kumi jioni.

“Kwa hiyo keshokutwa vigae viko hapa?”

Naanza kuhesabu pamoja naye: kupakuliwa, forodha, lori hadi Mokowe, boti, kisha punda kutoka gati la mji hadi mlangoni pake. Kabla sijamaliza, anamgeukia fundi.

“Anzeni kupiga chokaa ukutani. Sakafu tutaifanya mwisho.”