Falongi, urefu wa mfuo mmoja

Mbio za farasi Uingereza bado hutajwa kwa falongi. Falongi moja ni yadi 220, yaani mita 201.168. Wengi huikata ikawa mita 200 kamili. Kwa falongi moja haidhuru, lakini zikifika nane, ambazo ni maili nzima, utakuwa umedondosha zaidi ya mita 9, karibu urefu wa farasi wanne. Mbio nyingi huamuliwa kwa chini ya hapo.

Jina limetoka Kiingereza cha kale: *furh* ni mfuo wa plau, *lang* ni refu. Plau ya udongo mzito ilivutwa na maksai hata wanane, na kuligeuza kundi hilo mwisho wa shamba ilikuwa shughuli pevu. Wakulima wakaona heri kugeuza mara chache, wakakata ardhi vipande virefu vyembamba. Ng'ombe hawakujua yadi, bila shaka. Mfuo ulifuata mteremko na udongo wa mahali. Baadaye ndipo uliponyooshwa kuwa rodi 40, kila rodi futi 16 na nusu. Falongi kwa urefu, rodi nne kwa upana: hiyo ndiyo eka, ileile inayouziwa watu mashamba Kiambu na Morogoro.

Kinachonifurahisha zaidi ni ukaidi wake. Maili ya zamani, kwa mfano wa Warumi, ilihesabiwa futi 5,000 na kugawanywa mara nane. Falongi nane, hata hivyo, ni futi 5,280. Kimojawapo kilibidi kisogee. Kuifupisha falongi kungevuruga vipimo vya ardhi vilivyokwisha kuandikwa kwenye hati, na nani angekubali? Sheria ya 1593, enzi za Malkia Elizabeth I, ikairefusha maili.

Mwaka 1620 Edmund Gunter, mwanahisabati Mwingereza, akaeleza mnyororo wa kupimia wenye futi 66 na pete 100. Minyororo kumi ni falongi. Mraba wa mnyororo mmoja ukizidishwa mara kumi ni eka, kwa hiyo mpimaji alihesabu kwa makumi tu. Ubaya wake ni kulika: pete zikichakaa, mnyororo hurefuka, na shamba husomeka dogo kuliko lilivyo. Mitaa ya katikati ya Melbourne, Australia, iliyopimwa 1837, ilikatwa viwanja vya mraba vya minyororo kumi, falongi moja kila upande.