Asilimia Tisa Kileleni Entoto

Bei ilinishtua kabla sijafunga mkanda. Birr 2,500, hela ya Ethiopia, kutoka mtaa wa Bole, Addis Ababa, hadi kilele cha mlima Entoto na kurudi, kwa gari la umeme ambalo, kwa maneno ya dereva mwenyewe, kulichaji ni karibu na bure. Nikamuuliza mbona unafuu huo haumfikii abiria. Akacheka. "Gari ni ya mkopo, dadangu." Aliwahi kuishi Eastleigh, na Kiswahili chake cha Nairobi kilikuwa kinateleza vizuri tu.

Addis Ababa imeshayazoea magari haya. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingiza nchini magari binafsi ya petroli na dizeli, na ukiwafuatilia unaiona hesabu yao: mafuta yote wanayanunua nje kwa dola, ilhali umeme karibu wote unatokana na mito yao wenyewe.

Tulianza kupanda mlima tukiwa na asilimia 22 ya chaji. Mvua ya Agosti ikageuka mawe, baridi ikaingia, na dereva akazima hita ili kuokoa chaji. Kioo kikajaa ukungu. Nikawa nakifuta kwa mtandio, meno yananigongana, macho hayabanduki kwenye dashibodi: 19, 16, 13. Pembeni yetu minibasi la buluu na nyeupe lilikuwa likijikongoja huku linatapika moshi mweusi. Kwenye mwinuko ule hewa ni nyepesi, injini ya mafuta hukosa pumzi. Letu halikuhitaji kupumua. Kileleni, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, ilisoma 9. Kanisa la Mariamu lililonipeleka kule sikulitazama hata kidogo.

Kushuka ndiko kulikonilipa hela yangu. Dereva hakugusa breki. Aliachia pedali tu, gari likajizuia lenyewe, na mota iliyokuwa inakula umeme ikaanza kuuzalisha. 10. Kona. 11. Tunafika chini, 12! Uzito wetu wenyewe umegeuka chaji. Kwenye daladala mteremko wa namna ile huishia kwenye harufu ya breki zilizoungua.

Basi, tukaenda kuchaji. Foleni. Zamu yetu ilipokaribia, umeme ukakatika, nami nikajihisi nimerudi Tanzania. Dereva akatangaza kwamba muda wa kusubiri nao unalipiwa. Sikumjibu, nilikuwa nawaza vituo vya gesi vya Dar, bajaji na teksi zimepangana hadi barabarani. Gesi ni nafuu kuliko petroli, sikatai, lakini injini ni ileile: sehemu kubwa ya nishati inapotelea kwenye radieta na ekzosi. Mota ya umeme inafikisha sehemu kubwa ya nishati yake kwenye tairi.

Ila jirani na Meskel Square, asubuhi ile, tulikwama kwenye foleni ambayo karibu kila gari lilikuwa na mtu mmoja. Gari la umeme nalo linaziba barabara. Chuma cha tani moja na nusu kinambeba mtu wa kilo 70, halafu tunaita maendeleo! Treni yao ya umeme ya mjini, inayofanya kazi tangu 2015, ilitupita juu ya daraja watu wamesimama wamebanana, na kwa kila kichwa cha abiria inatumia umeme kidogo kuliko teksi yangu.

Ndiyo maana mwendokasi, yale mabasi ya Dar yenye njia yake, naitetea, pamoja na kukanyagwa vidole. Basi refu lililojaa, hata kama linakunywa dizeli, kila abiria anaangukiwa na mafuta kidogo sana. Likiwekewa betri, nafuu itakuwa kubwa zaidi: kuanzia Kimara hadi Kivukoni linasimama na kuondoka, linasimama na kuondoka, na kila kusimama kungerudisha chaji.

Hela ya kusubiri tulibishania njia nzima hadi Bole. Nililipa nusu.