Oringi nje, betri mkononi

Kesho kutwa nasafiri, na chumbani kwangu hakuna pa kukanyaga. Kasha la kamera, lile linaloikinga na maji nikizama nayo, liko kitandani, wazi, mfuniko pembeni yake. Oringi yake kubwa, yaani pete ya mpira inayoziba maji mfuniko unapokutana na kasha, nimeshaitoa na kuiweka kwenye kimfuko cha plastiki cha zipu, imepakwa grisi kidogo tu, kiasi cha kung'aa. Nikifunga vifaa vya kupigia picha chini ya maji huwa naanza na hiyo oringi kabla ya kugusa kitu kingine, kwa sababu somo lake lilinigharimu kamera nzima.

Safari ya kwanza niliyokwenda na kasha la alumini, nilifunga kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nililisafisha, nikapaka oringi grisi, nikabana klampu zote, nikaliingiza kwenye sanduku likiwa limefungwa kama linakwenda kuzama. Nilipofika, mfuniko ukakataa kutoka. Klampu zilifunguka vizuri, ila mfuniko ulikuwa umeng'ang'ania kama umegundishwa. Nilivuta, nikasokota, mwisho nikachukua bisibisi bapa nikaipenyeza ukingoni. Ukaachia, hewa ikaingia kwa mlio mfupi, nami nikamshukuru Mungu. Sikuona kwamba ncha ya bisibisi ilikuwa imeacha mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye mfereji inamokaa oringi. Siku ya pili, kwenye mita 12, nikaona tone moja likitambaa upande wa ndani wa kioo. Likafuatwa na jingine. Nikapanda taratibu kama inavyotakiwa, macho hayabanduki kwenye kile kioo, na nilipotokeza juu kamera ilikuwa imelala ndani ya maji ya chumvi.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Ndege ikiwa angani, hewa ya ndani yake hupunguzwa presha hadi kufanana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na tumbo la ndege inakokaa mizigo liko vivyo hivyo. Kwenye mita 2,400 presha imepungua kwa karibu robo. Kasha ulilolifunga ukiwa chini limebeba hewa ya chini, kwa hiyo angani linasukumwa kutoka ndani kwenda nje. Chukua mfuniko wa sentimita 20 kwa 18: tofauti hiyo ya presha ni sawa na kuuwekea mzigo wa zaidi ya kilo 90. Na kasha limetengenezwa libanwe na maji kutoka nje, ndivyo oringi inavyokaa imara. Likisukumwa kinyume, hewa hujipenyeza na kutoka. Mkishuka, iliyobaki ndani ni pungufu, na presha ya nje inaukandamiza mfuniko mpaka mikono haitoshi kuutoa. Kama kasha lako lina kizibo cha valvu ya kunyonyea hewa, kukifungua tu kungelimaliza jambo hilo. Langu halikuwa nacho.

Kwa hiyo hakuna kitu chenye oringi kinachopanda ndege kikiwa kimefungwa. Flashi nazilegeza vifuniko vya betri. Taa vilevile. Hata kasha dogo la simu, ukiwa nalo, liache wazi. Na grisi, tafadhali, tumia ile aliyoitaja mtengenezaji wa kasha lako. Oringi za silikoni zikipakwa grisi ya silikoni huvimba, halafu hazikai tena kwenye mfereji wake.

Betri zina sheria zake, na hapo sibahatishi. Betri za lithiamu za akiba ni za begi la mkononi, kamwe si za sanduku linalokwenda chini. Zikishika moto kwenye kabati la juu, wahudumu wataona na kuzima. Kipimo ni wati-saa: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya taa yangu kubwa ya video ni volti 14.4 na ampea-saa 6.8, yaani karibu 98, chini kidogo ya 100 zinazoruhusiwa bila maswali. Kuanzia 100 hadi 160 unahitaji idhini ya shirika la ndege, na akiba zisizidi mbili. Ikipita 160, abiria hasafiri nayo. Niliwahi kuacha betri kwenye meza ya ukaguzi kwa sababu maandishi yake yalikuwa yamefutwa na chumvi. Dada aliyekuwa zamu aliigeuza mara tatu akitafuta namba, akaniambia kwa upole kwamba asichoweza kukisoma hawezi kukipitisha. Alikuwa na haki. Siku hizi nabandika utepe wa plastiki juu ya maandishi kabla hayajaanza kupauka, na natembea na karatasi ya mtengenezaji. Kila betri inakaa kwenye kikasha chake, ncha zimefunikwa, hata zile ndogo za flashi zisizo za lithiamu.

Taa natoa betri kabisa. Taa ya kuzamia hupozwa na maji. Ikijiwasha yenyewe ndani ya sanduku, katikati ya nguo, itachoma. Kama yako betri haitoki, waulize shirika la ndege mapema, si ukiwa kaunta.

Uzito ndio unaoniumiza kichwa zaidi. Mashirika mengi yanakupa kilo 7 za mkononi, na yale masanduku magumu ya plastiki yenye magurudumu, mazuri kwa macho, yanakula kilo 5 au 6 yakiwa matupu. Niliachana nayo. Nabeba begi la mgongoni la kawaida lenye sponji: kamera, lenzi mbili, betri, kadi za kumbukumbu na kioo cha kuba, kile kilichobinuka kinachokaa kwenye kasha mbele ya lenzi. Kioo hicho kina upana wa sentimita 20 na ni bakuli tupu, basi ndani yake naweka lenzi ndogo iliyofungwa kwenye soksi nene. Nje nakivisha kofia yake ya neopreni.

Kasha lenyewe, ambalo ni chuma na linavumilia, linakwenda chini, limeviringishwa ndani ya suti ya kuzamia. Mikono ya flashi naichomeka ndani ya mapezi, klampu ndani ya viatu, bisibisi na spana hukohuko. Huwa napima sanduku mara mbili, kwa sababu suti inayorudi ikiwa na unyevu huongeza kilo bila kukuaga.

Hilo la kurudi linarahisishwa na mwili wenyewe. Baada ya kuzama siku kadhaa mfululizo, ushauri ni kuupumzisha mwili angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Saa hizo nazitumia kuosha na kukausha. Vifaa vinalowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kila kitufe nakibonyeza humohumo majini, kisha kivulini mpaka asubuhi.

Oringi hurudi mahali pake usiku wa kwanza nikifika. Nakaa mezani na taa ya kichwani, napitisha kidole kitupu mferejini kuzunguka kasha lote, pole pole, nikitafuta unywele au chembe ya mchanga. Kisha nafunga kasha likiwa tupu, na kipande cha karatasi laini ndani, nalizamisha kwenye ndoo ya maji kwa nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, ndipo kamera inaingia.