Reale ya mzinga niliikuta Potosí

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Pangani, na akitaka kukwambia kitu ni cha thamani ya kweli anasema hiyo reale ya mzinga. Akisimulia bibi yake alivyoolewa lazima usikie mahari ilikuwa reale, tena za mzinga sio za Shamu, na hapo anakaza sauti kama kuna mtu anambishia. Mimi nikiwa mdogo nilijua tu reale ni hela ya zamani, na mzinga nikadhani ni ule unaopigwa sikukuu, labda mtu akimaliza kulipa mahari wanampigia mzinga. Sikuwahi kuuliza, nikakua na neno hivyo hivyo.

Sasa 2015 nikajikuta Bolivia. Nilikuwa nasoma masta ya jiolojia na profesa wangu alikuwa na mradi Potosí, kazi yangu kuchukua sampuli za mawe ya mlima unaoitwa Cerro Rico, Waquechua wanauita Sumaj Orcko. Mji wenyewe uko kama mita 4,000 toka usawa wa bahari, yaani uko juu kuliko Horombo ya Kilimanjaro, na watu wanaishi pale wana masoko, shule, watoto wanakimbiza mpira. Mlima nao unafika kama 4,800, umeupita Meru. Wiki ya kwanza napanda ngazi kumi nasimama, kichwa kinagonga, usiku nalala nimekaa, mama mwenye nyumba ananiletea chai ya majani ya koka asubuhi na jioni.

Lazima niueleze huu mlima. Miaka kama milioni 13 au 14 iliyopita uji wa moto ulipanda kutoka chini ukagandia pale pale, ukawa kichuguu kikubwa cha mwamba tunaouita desaiti, halafu kikapasuka nyufa nyingi nyembamba zimepangana, na maji ya moto yakawa yanapita humo yakiacha madini, fedha, bati, zinki, risasi. Sehemu ya juu hewa na mvua vikayaozesha mawe na fedha ikabaki imejaa. Wahispania wakaanza kuchimba 1545, na miaka ya mwanzo wenyeji ndio walikuwa mafundi, wanayeyusha mawe kwenye tanuru ndogo za udongo zinazopulizwa na upepo wa mlimani. Yale mawe mazuri yakaisha. Hapo ndo ikaletwa zebaki kutoka Huancavelica huko Peru, mawe yanasagwa kwenye vinu vya maji, yanachanganywa na zebaki na chumvi, na mwakilishi wa mfalme, Toledo, mwaka 1573 akaweka kazi ya lazima wanaiita mita (sio mita ya kupimia, ni neno la Kiquechua, maana yake zamu). Vijiji vya nyanda za juu vilikuwa vinatakiwa kutoa wanaume kama 13,500 kila mwaka. Kila nikiandika hiyo namba naiona kama uwanja wa mpira umejaa, halafu mwaka unaofuata unajaa tena.

Ijumaa moja nikazama mgodini na kundi la ushirika wa wachimbaji, mimi na mwanafunzi mwenzangu wa pale Bolivia ndo anatafsiri maana Kihispania changu kilikuwa cha sokoni na mzee wa kundi alikuwa anapenda zaidi Kiquechua. Nilishazama Mererani wakati wa fildi, kwa hiyo giza na vumbi la kuchoronga nilivijua, na wale jamaa walinikumbusha wanaapolo, wachimbaji wetu wadogo, kabisa, utani ule ule, matumaini yale yale kwamba kesho jiwe litatoka. Ila huku nje baridi inauma, ndani joto mpaka unavua shati, na hewa yenyewe haitoshi. Hawali chakula mle, wanatafuna koka tu shavu limevimba, ladha ikiisha wanajua muda umeenda. Tukafika kwa Tío, sanamu ya udongo ina pembe, imekaa kwenye kishimo chake. Tío ni mjomba kwa Kihispania. Juu ya ardhi ni Mungu, chini ni Mjomba mwenye madini, kwa hiyo Ijumaa wanamwekea majani ya koka na sigara na kumwagia pombe kali. Mimi nikakaa pembeni kwa heshima.

Mzee akanipa jiwe. Lilikuwa na risasi na zinki na chembe za pairaiti, yale madini yanayometa kama dhahabu, akaniambia plata iko ndani humo ila kidogo. Nikamwambia hata kwetu ni hivyo, fedha ni madini na fedha ni hela, neno moja, kama plata yenu. Akafurahi sana kwa hilo. Halafu akauliza, huko Afrika kwenu watu wanaijua Potosí? Nikasema hapana mzee, hawaijui. Akatikisa kichwa tu, hakuonekana kukasirika, ila lile jibu lilinikaa kifuani njia nzima ya kurudi.

Kesho yake Jumamosi tukaenda Casa de la Moneda, nyumba kubwa ya mawe walipokuwa wanatengeneza sarafu, hii iliyopo ilimalizika 1773. Kuna mashine za mbao za kubana fedha iwe bapa, magurudumu yake yanapita urefu wa mtu, zilikuwa zinazungushwa na baghala kwenye chumba cha chini. Na tukaambiwa humo walifanya kazi Waafrika, watumwa waliopandishwa mpaka huko juu kwenye baridi ile. Niliposikia hivyo nikashika ukuta nikasimama kidogo, wenzangu wakadhani ni hewa.

Ndo nikafika kwenye kabati la sarafu. Kulikuwa na zile za 1767 mpaka 1770, zimepigwa Potosí. Katikati duara mbili za dunia zimevikwa taji, chini mawimbi ya bahari, na kulia na kushoto nguzo mbili zimesimama. Nguzo nene, zina pete juu na chini, zimezungushiwa utepe. Nikaziangalia sekunde moja nikaona mizinga. Mizinga miwili imesimamishwa wima, mtu wa Pangani ambaye hajawahi kusikia habari za nguzo za Hercules angeona nini kingine? Na ilikuwa sarafu ya reale nane. Machozi yalinitoka pale pale, siwezi kueleza vizuri, neno nimelisikia miaka yote kwa bibi anasuka ukili barazani na kumbe lilikuwa picha, picha ya kitu mtu alikishika mkononi akakiangalia.

Nisidanganye, sijui reale za bibi yake bibi zilipigwa wapi, Mexico nako walipiga nyingi sana, na Lima pia. Ila zilikuwa za aina hiyo.

Saa nne usiku ya kule huku ni saa kumi na moja alfajiri, nilijua bibi ameshaamka kwa swala. Nikapiga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu, una nini saa hizi, unaumwa?"

"Siumwi. Bibi, ile reale ya mzinga ilikuwa na picha gani?"

"Mizinga. Si ndo jina lake."

"Ni nguzo bibi, nimeiona leo, huku inakotoka."

Akanyamaza kidogo. "Nguzo za nini?" Nikamwambia za mlango wa bahari, huko Uhispania. Akasema, "Haya, wao waliona nguzo, sisi tuliona mizinga, na mizinga tulikuwa tunaijua." Halafu akauliza kama ninakula.

Ijumaa iliyofuata nikarudi mgodini nikiwa na habari yangu. Nikamwambia mzee, nilikujibu vibaya, kwetu wanaijua Potosí, ila hawajui kama wanaijua, nikamchorea ile sarafu kwenye daftari la sampuli. Akaisogeza kwenye taa ya kofia akaiangalia muda mrefu, akataka nimtamkie, akajaribu, mzinga. Wenzake wakarudia wote.

Halafu akauliza, na watu wa kwenu walikuwa wanauza nini wapate hizo plata?

Nikasema pembe za ndovu. Sandarusi. Kisha nikasema na watu, mzee. Pangani misafara ilikuwa inaishia pale, wanatoka bara wanatembea miezi wakiwa wamefungwa.

Mwenzangu alichukua muda kutafsiri. Mzee akasema wa kwao pia walitembea, waliotoka huko Ziwa Titicaca ilikuwa kama miezi miwili, na wake zao na watoto na llama, wanyama wao wa mizigo, wamebeba chakula, na wengi hawakurudi. Tukakaa. Mahali fulani chini yetu watu wengine walilipua, tukasikia kwenye mawe kabla ya masikio. Mzee akawasha sigara, akamchomekea Mjomba mdomoni, akasubiri mpaka imeshika moto vizuri, ndo akachukua nyundo yake.