Siku yangu na chipu ya mwanga: joto halikai lilipoambiwa

Saa mbili asubuhi. Kabla hata ya leza nawasha kibao cha kutuliza joto chini ya chipu (hii yangu inapitisha mwanga ndani ya vijia vya silikoni), naweka nyuzi 25 halafu nasubiri. Wageni huona ni kupoteza muda, ila ringi ya silikoni, yaani kijia cha duara kinachonasa rangi moja ya mwanga, inahamisha rangi yake kama pikomita 70 hadi 80 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo hapo chini pakiyumba vipimo vyote vya siku havina maana.

Saa tatu, kulenga faiba, uzi wa kioo unaoleta mwanga kwenye chipu. Njia yenyewe ya mwanga ina upana wa kama nusu mikromita na kimo cha nanomita 220, unasogeza skrubu kidogooo huku jicho liko kwenye mita ya kupima mwanga. Hapa mtu asinisemeshe.

Saa tano ndo utamu unaanza. Juu ya njia kuna hita, kiwaya chembamba cha titani naitridi, katikati yao kuna tabaka la glasi ili chuma kisimeze mwanga. Ukipitisha umeme silikoni chini inapata moto na mwanga ndani yake unapunguza mwendo, kidogo sana lakini inatosha. Kwa mwanga wa nanomita 1550 na hita yenye urefu wa mikromita 100 unahitaji joto lipande kama nyuzi 43 tu ili mwanga uchelewe nusu wimbi. Sasa mwanga tumeshaugawa njia mbili, huu uliochelewa ukikutana na mwenzake wanafutana, mlango wa kwanza giza, mwanga wote unatokea mlango wa pili, na hakuna kilichosogea hata unywele! Mpaka leo nafurahi nikiona.

Halafu jamani chora grafu kwa miliwati, sio volti. Joto linafuata mraba wa volti, ukichora kwa volti mawimbi ya grafu yanabanana kadri unavyopanda na unaanza kudhani chipu ni mbovu.

Saa nane, kero. Nawasha hita ya kwanza, ringi ya jirani nayo inahama, na sijaigusa. Joto ni kama harufu ya vitunguu, halijui ukuta. Wengine wanachimba mtaro pembeni na kutoboa chini ya njia, hapo umeme unaotumika unashuka sana ila hita inakuwa nzito kupoa, na kumbuka hita zenyewe ni za maikrosekunde, kwa kurusha data hazifai kabisa, kazi yao ni kurekebisha na kuelekeza.

Chipu yangu haina mitaro, kwa hiyo kuanzia saa kumi ni kupima kila hita inamsumbua nani na kwa kiasi gani, ili programu ijue kupunguza huku ikiongeza kule. Hita 4 ni vipimo 16, sawa. Wenye hita 64 wana vipimo 4096, hao nawaachia script (programu ya kupima yenyewe) ikimbie usiku kucha.