Mali ya kambi haipotei kwa wizi tu: nilivyoinyoosha bohari

Kwa miaka niliyotunza bohari ya kambi, mali niliyoiona ikiibwa ni kidogo sana ukilinganisha na niliyoiona ikiozea rafuni, au ikizunguka kambini kwa jina la "nimeazima tu, afande, narudisha kesho." Mwizi ana dawa zake zinazojulikana: kufuli, lango, mlinzi. Iliyonisumbua mimi ni hiyo kesho, pamoja na unyevu.

Niliipokea bohari kutoka kwa sajini aliyekuwa na barua ya uhamisho mfukoni. Hati ya makabidhiano ilikuwa imeshachapwa, imebaki saini yangu tu. "Kila kitu kimo, mdogo wangu. Weka saini, gari linaningoja." Nikamwambia kwa heshima zote kwamba gari lingoje, tuhesabu kwanza. Hakupenda. Afisa ugavi naye hakupenda, maana bohari ikihesabiwa yote, ugawaji unasimama na makamanda wa kombania, yaani vikosi vidogo vya kambi, wanaanza kupiga simu. Lakini saini ile haina tafsiri mbili. Ukishaiweka, kilichomo kwenye leja na hakimo rafuni ni deni lako. Aliyeondoka humpati tena, na hata ukimpata atakuonyesha karatasi uliyosaini.

Kuhesabu nako kuna namna yake. Nilipanga watu wawili wawili, mmoja anahesabu na mwenzake anaandika, na leja nikaifungia ofisini. Anayehesabu akijua kwamba leja inasema mablanketi 240, akafika 236, macho yake yatamtafutia manne mengine, hata kwa kuhesabu bunda moja mara mbili. Asipojua, ataandika alichokiona. Baadaye ndipo tukalinganisha, na tukalinganisha kwa njia mbili: kutoka leja kwenda rafuni, kisha kutoka rafuni kurudi kwenye leja. Njia ya kwanza inakuonyesha kilichopungua. Ya pili inakuonyesha kilichozidi, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kufurahi. Ziada si baraka. Maana yake kuna mzigo ulioingia bila kupokewa kwa maandishi, au kuna askari mahali fulani aliyeandikiwa kitu ambacho hakukipata. Watunza stoo wakongwe wanaipenda sana ziada. Huificha nyuma ya makabati wakiiita akiba ya kuzibia mapengo siku ya ukaguzi. Mimi ziada zote niliziingiza kwenye leja, na mapungufu yote yakaandikwa kwenye taarifa ya upotevu kabla sijagusa kalamu ya makabidhiano. Sajini akaondoka akiwa amenuna, lakini kila mmoja wetu alikuwa na nakala yake.

Kilichonishtua zaidi hakikuwa kwenye hesabu. Hesabu ya buti ilikuwa sawa kabisa: maboksi yamepangwa, saizi zimeandikwa ubavuni, idadi inakubaliana na leja. Nikatoa jozi moja kutoka boksi la chini kabisa, ngozi inang'aa, kamba hazijawahi kufungwa. Nikabonyeza soli kwa dole gumba, ikameguka kama mkate mkavu. Nikavuta kisigino, kikatoka chote na kuacha unga mweusi kiganjani. Jozi ya pili ikawa vilevile. Soli za poliyurethani ndivyo zilivyo: unyevu wa hewani huivunja ile plastiki taratibu kwa miaka, hata kama buti halijawahi kukanyaga chini. Nani angejua? Leja inahesabu buti, haihesabu soli. Askari angepewa jozi ile usiku, kesho yake yuko kwenye matembezi marefu na mzigo mgongoni, na soli zingebaki njiani.

Tangu siku hiyo nikaweka safu ya ziada kwenye kadi za rafuni: tarehe ya kutengenezwa, na tarehe ya mwisho kuangaliwa kwa mkono. Si kuhesabiwa, kuangaliwa. Mpangilio nao ukabadilika. Kanuni ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza kila mtu anaijua, na kila mtu anaivunja, kwa sababu mzigo mpya unapofika askari wa kupakua wamechoka na mahali pepesi pa kuuweka ni mbele. Nikasogeza rafu kutoka ukutani ili pawe na njia ya nyuma. Mzigo mpya unaingilia nyuma, wa zamani unatokea mbele. Hapo kanuni ikaanza kufuatwa bila mtu kukumbushwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko kuivunja. Njia ile ikanifaa pia kwa unyevu, maana ukuta wa bohari hutoa jasho na boksi lililoegemea ukuta hunywa. Chini nikaweka chaga za mbao kila mahali.

Tairi zilikuwa na ugonjwa uleule wa buti. Zilikuwepo "mpya" zilizopakwa ubavuni mafuta yanayong'arisha. Lakini tairi ina tarehe yake: tarakimu nne za mwisho kwenye ile namba iliyochongwa ubavuni. Ukisoma 2319, imetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nikazipanga kwa namba hizo, si kwa mng'ao.

Mahema nayafupisha: hema la turubai likikunjwa likiwa bichi, linaoza. Nilikataa kupokea hema lolote lenye unyevu. Linatandazwa uwanjani mbele ya aliyelileta, linakauka, linahesabiwa na vigingi vyake na kamba zake, ndipo anapewa hati yake. Kelele zilikuwepo mwanzoni. Wanaorudi kutoka mazoezini wanataka kuoga na kulala, si kuanika mahema. Nikawapa ruhusa ya kuyaacha yametandazwa hadi kesho yake chini ya ulinzi wa zamu, kelele zikapungua.

Sasa hiyo kesho ya kuazima. Leja inajua mambo mawili tu: kimo au kimetoka. Kuazima kunakaa katikati, na katikati hapo ndipo mali inapozama. Nilianza na daftari la maazimo, likawa kaburi: watu wanaandika, hakuna anayelisoma. Nikaomba ubao mkubwa mweupe, nikaupigilia kwenye korido nje ya ofisi ya afisa ugavi, mahali ambapo kila kamanda anayekwenda kuomba kitu lazima apite. Juu yake: kitu, namba yake, kombania iliyochukua, tarehe ya kurudisha. Ikipita tarehe, mstari unaandikwa upya kwa kalamu nyekundu. Sikumkumbusha mtu. Kamanda akija kuomba mahema mapya, anaona jina la kombania yake kwa rangi nyekundu, na wenzake wanaliona pia. Vitu vikaanza kurudi, vingine usiku, vimeachwa mlangoni bila salamu.

Vyeo vilikuwa mtihani mwingine. Kapteni mmoja alituma dereva jioni achukue jenereta bila hati. Nikamrudisha dereva mikono mitupu. Kapteni akaja mwenyewe.

"Koplo, unanidai karatasi mimi?"

"Karatasi hii inakulinda wewe, afande. Siku ukihamishwa, asije mtu akakuandikia jenereta mbili wakati ulichukua moja."

Akanitazama, akacheka, akasaini. Nimegundua kwamba afisa hapendi kuambiwa kanuni inasema nini, hasa na aliye chini yake, lakini karibu kila afisa amewahi kudaiwa kitu alichokirudisha bila ushahidi. Ukiligusa hilo, huna haja ya kunukuu kanuni.

Lakini upo ugonjwa wa upande wa pili, na sisi wa bohari hatupendi kuusema: kubana. Kwenye mafunzo tulifundishwa habari za Vita vya Krimea, ambavyo Waingereza na washirika wao walipigana na Urusi. Tarehe 14 Novemba 1854 dhoruba iliizamisha meli iliyoitwa Prince nje ya bandari ya Balaklava, pamoja na shehena ya nguo za baridi za jeshi la Uingereza. Hiyo ni dhoruba, haina wa kulaumiwa. Kilichonikaa kichwani ni kilichofuata: makoti mengine yalipofika, mengi yalikaa ghalani huku askari wakiganda kwenye mahandaki, kwa sababu kanuni ilisema askari anapewa koti moja kila miaka 3. Mtunza ghala wa namna hiyo hana hasara hata ya kifungo kimoja, na ukaguzi angeufaulu. Nilipoanza kuona raha ya rafu zilizojaa, nilikuwa nikijikumbusha Balaklava. Hivyo nikaomba kibali cha kutoa vitu vya dharura, kama blanketi, koti la mvua na kitanda cha mgonjwa, kwa saini ya afisa wa zamu, na hati kamili ikamilishwe kabla ya saa 6 mchana wa siku inayofuata.

Mafuta yalitaka kunigombanisha na watu. Lori la dizeli lilikuja mchana wa jua kali, tukapima tangi kwa fimbo mara tu baada ya kushusha, tukaandika. Asubuhi na mapema fimbo ikaonyesha pungufu, na kidole kikaelekezwa kwa kijana aliyekuwa zamu ya usiku pale. Nilimtetea kwa fizikia, si kwa huruma. Dizeli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi: lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi hupungua lita 80 hivi bila mtu kugusa bomba. Tukaning'iniza kipimajoto ndani ya tangi, tukaanza kuandika joto pembeni ya kila kipimo na kugeuza hesabu iwe ya nyuzi 15, kama majedwali ya mafuta yanavyofanya. Pengo likafunga karibu lote. Kijana hakuombwa radhi na mtu, lakini jina lake liliondolewa kwenye faili. Kwenye fimbo hiyohiyo nilianza kupaka ile dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, kwa sababu maji hujikusanya chini ya tangi, na kati ya maji na dizeli huota vijidudu vinavyoziba chujio. Kutoa maji chini ya tangi ni kazi ya dakika chache. Kuvuta lori lililozimika njiani ni kazi ya siku.

Betri nilizihamisha kutoka sakafuni kwenda kwenye meza ya kuchajia, kila moja na kadi yake. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6. Ikikaa ikiwa imeshuka, salfeti huganda kwenye bamba zake na chaji haiingii tena vizuri. Kila mwezi zinapimwa, iliyoshuka inachajiwa, basi. Jenereta nazo nilikataa kuzigawa kwa ukubwa wa cheo. Jenereta kubwa ya dizeli ikiendesha taa chache tu haifikii joto lake, dizeli haiungui yote, na bomba la moshi linaanza kuvuja ute mweusi. Aliyeomba kubwa alipewa inayolingana na mzigo wake wa umeme, na kama hakujua mzigo wake, fundi alikwenda kuupima.

Ghala la silaha halikuwa chini yangu, na ni vizuri likatengwa, ila kuna jambo nililiiga kule: silaha haihesabiwi kwa idadi, inasomwa kwa namba yake. Bunduki 60 zinaweza kuwa 60 na bado moja isiwe yenu. Nikafanya hivyo kwa redio, darubini na jenereta. Mara ya kwanza tu tukakuta redio mbili za kombania zimebadilishana wenyewe, kila upande ukisubiri vipuri vya redio ya mwenzake.

Mali chakavu ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Vitanda vilivyovunjika, mabeseni yaliyotoboka, magari yaliyonyofolewa vipuri hadi yakabaki bodi. Huwezi kuvitupa kwa kuwa vipo kwenye leja, na huwezi kuvigawa. Vinakaa, vinakula nafasi, na panya wanazaliana humo. Bodi ya kukagua mali chakavu hukaa kwa nadra, na ikija inakuta lundo na kuondoka. Nilichofanya ni kuirahisishia: kila kitu kimefungiwa kibandiko chenye namba ya leja, ubovu wake, na maoni ya fundi kama kinatengenezeka. Kila kipuri kilichohamishwa kutoka gari moja kwenda jingine kiliandikwa kwenye kadi za magari yote mawili. Bodi ilipokuja haikukuta lundo, ilikuta orodha, wakapita wakitia alama. Nikapata ukumbi mzima wa nafasi.

Madumu peke yake ndiyo yaliyonishinda. Dumu la chuma la lita 20 halina namba, linafanana na mwenzake, na kila gari linalotoka linadai linahitaji moja la ziada. Nikapiga kila kombania rangi yake kwenye mpini. Kwa muda hesabu ikakaa sawa, hadi nilipokwenda karakana nikakuta kopo la rangi ya kijani na brashi bado mbichi, na dumu saba za rangi ya bluu zinangoja zamu yao.